Siku Kabedi Alipotoa Vyombo Nje

Jambo moja mlijue kwanza kuhusu Kabedi: hakuwa mwanamke wa kurudiwa neno mara mbili, kwa sababu hata mara ya kwanza hakulisikia. Akishika lake, ameshika. Ndiyo maana mvua zilipoanza kuipiga Kamina, na mbabula yake ya makaa ikazimwa na maji kwa mara nyingine kule nyuma ya nyumba, aliingia ndani na sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyokuwa bado uji, akamwambia binti yake Talitha kwamba imetosha. Atapika ndani kama watu. Atatengeneza jiko.

Nyumba yenyewe, hata ukicheka sitakulaumu, ilikuwa kijumba cha vyumba viwili katika kambi ya wanajeshi kule Base. Lile lililoitwa jiko lilikuwa kipande cha ujia nyuma ya chumba cha kulala, ambamo mmoja akiinama kuokota kijiko, wa pili lazima atoke. Sakafu ilikuwa udongo. Panya walipita humo wakijiona ndio wenyeji. Tena nyumba haikuwa yake, ilikuwa ya Leta, mali ya Serikali, kama nyumba zote za kambini. Mumewe Lumbala, sajini, alipewa kwa sababu ya bunduki yake, na siku Lumbala akiacha kuwa mwanajeshi, kwa uzee au kwa lile jambo ambalo wake za wanajeshi hawalitaji kwa jina, mlango ule atapewa mwingine aufungue.

Majirani walimwambia hivyo hivyo. Mira, wa nyumba ya pili, mwenye mdomo usiofunga na moyo mzuri sana, alimuuliza kama amerogwa, mtu mzima na akili zake kupamba nyumba ya Leta. Kabedi akamjibu kwamba hata tumbo lake Mira ni la Leta, maana linakula mshahara wa Leta, na bado analijaza kila siku. Wakacheka. Lakini Mira alipoondoka, Kabedi alibaki amesimama pale kwenye ujia kwa muda mrefu, mkono ukutani.

Maana sababu haikuwa mvua. Mvua ilimnyeshea Kabedi tangu utoto wake kule Malemba-Nkulu, alikotoroka na mama yake usiku wanamgambo walipochoma kijiji, na tangu hapo hakuna maji ya mawinguni yaliyomtisha. Sababu ilikuwa Lumbala. Lumbala alikuwa mashariki, milimani, vitani. Mara ya mwisho alipopiga simu alisema ameahidiwa likizo, kabla ya Noeli atakuwa nyumbani, na safari hii anataka kula ndani, mezani, siyo kuchutama na sahani huku moshi unamtoa machozi. Alisema kwa utani. Kisha simu ikanyamaza. Tangu hapo kila alipompigia, alijibiwa na yule dada wa mtandao mwenye sauti ya upole, kwamba mtu huyu hapatikani.

Kabedi aliamua kwamba ni betri. Alipoulizwa habari za bwana, alisema betri. Alipoamka asubuhi kabla ya jogoo na kushika simu kabla ya kumshukuru Mungu, alijiambia betri. Na moyoni alikuwa ameshajifungia mkataba asiomwambia mtu: jiko likiisha, Lumbala atarudi. Hakuna mwanamke anayemwandalia meza mtu asiyerudi. Basi jiko lazima liishe, na liishe haraka.

Ndege ya jeshi ilikuwa inatua uwanjani mara kwa mara juma lile. Wanawake wa kambi wanaijua ndege kwa mlio wake. Ikitua, kila mmoja huacha alichokishika, majani ya sombe kwenye kinu, mtoto kwenye beseni, na kusikiliza tu ni gari gani litakalotoka uwanjani na litageukia upande gani. Juma lile magari yaligeukia upande wa hospitali. Wanawake walirudi kwenye vinu vyao na kutwanga kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Sasa kabati. Sadiki, mfanyabiashara wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zamani, alikuwa na kibanda katika soko la kambi, anauza vitu vilivyokwisha kutumika: vitanda, milango, masinki, hata viti vya gari lisilokuwepo. Nyuma ya kibanda alikuwa na kabati mbili za jikoni za mbao ya mulombwa, nyekundu, nzito, zimefungwa misumari na mtu aliyejua kazi. Moja ya kusimama, ndefu, na nyingine ya kutundikwa ukutani. Kabedi alizifungua milango yote, akazifunga, akazifungua tena. Ndani mlinuka samaki na mafuta ya taa. Kwenye droo moja mlikuwa na pilipili kavu chache na kisu kidogo cha kumenyea mihogo.

Sadiki ni mtu wa swala, hakutaka kumuuzia mtu kitu kwa giza. Akamwambia zilikuwa za Tshiala. Kabedi alimkumbuka Tshiala, yule mwembamba wa mwisho wa kambi, aliyekuwa na sauti nzuri kanisani. Bwana yake alikwenda mashariki mwaka uliopita, naye hakurudi. Miezi ilipopita Leta walihitaji nyumba, na Tshiala akarudi kwa ndugu zake Kaniama juu ya pikipiki, watoto mbele na nyuma, na kabati haipandi pikipiki.

Kabedi alisimama pale na kile kisu mkononi. Tusidanganyane. Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kwenda nyumbani. Kisha akasema mbao ni mbao, mti ulikatwa porini, haujui aliyeutumia aliolewa na nani. Wakaelewana kwa samaki wakavu, maana Kabedi aliuza samaki wa Kinkondja, wanaomfikia wamefungwa kwenye vikapu, na Sadiki alikuwa na nyumba kubwa ya kulisha. Alipofika nazo nyumbani juu ya kigari cha kusukuma, Mira alitoka, akazitambua, akafunga mdomo wake kwa kiganja. Alimsihi azirudishe. Kabedi hakusikia. Nilikwisha waambia.

Fundi aliyekuja kuzifunga alikuwa Yusufu, mpwa wa Sadiki, kijana wa maneno machache aliyeoa mwaka ule. Alipima, akakuna kichwa, akapima tena. Kabati ndefu ilizidi dari ya ujia, ikabidi ikatwe miguu. Ile ya kutundikwa haikuweza kushika ukuta wa tofali mbichi mpaka ukuta upigwe lipu. Na sakafu, alisema, haiwezi kubaki udongo, mchwa watapanda na kula mulombwa kutoka chini kimya kimya, siku moja mama atafungua mlango wa kabati na kubaki nao mkononi. Basi sakafu imwagwe sima, yaani saruji, na kwa kuwa mfuko ukishafunguliwa haurudi, na njia ya jiko inapita chumbani, imwagwe nyumba yote kwa siku moja. Kabedi akauliza vyombo vitakaa wapi. Yusufu akasema vitoke vyote. Hata kitanda.

Siku ile jua lilitoka kali baada ya mvua ya usiku. Kabedi alimpeleka Talitha shule, akarudi, akaanza kutoa. Alitoa viti, meza, godoro, kitanda, sanduku la nguo za Lumbala. Kabati mbili alikuwa ameziweka kwenye lupango, ua wa nyumba, tangu jana, chini ya turubai, na sasa alilitoa turubai ili zikauke. Aliondoa hata picha ya harusi ukutani, akaiegemeza kwenye mguu wa kiti. Akatandika mikeka miwili mbele ya mlango, apange sahani. Yusufu alikuwa ndani, anachanganya sima, anaimba kwa sauti ndogo.

Nywele zake Kabedi alikuwa amezifumua usiku, maana alitaka asukwe upya Lumbala akija. Kitambaa cha kichwa alikivua kisipate chokaa. Kikwembe alikifunga kiunoni kwa fundo, kama mtu wa kazi. Chokaa ilimwingia machoni alipokuwa anakwangua ukuta wa jiko, macho yakawa mekundu, na machozi yakamtoka bila kumuuliza. Alipochoka aliketi mkekani, akanyoosha miguu, akapumua. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hakulifanya mtu mwingine ila yeye.

Mtu wa hapa kwetu ameshaelewa. Kwa mgeni nitasema: kifo kikiingia nyumbani kwetu, vyombo vinatoka. Viti, kitanda, meza, vyote vinawekwa nje, ili waombolezaji wapate mahali pa kuketi chini, na mikeka inatandikwa. Mwenye msiba anafumua nywele, anavua kitambaa, anaketi chini miguu imenyooka. Hakuna anayepiga tarumbeta. Mtu akipita na kuona kitanda nje na mwanamke mkekani hana kitambaa, ameshapata habari. Kabedi amezaliwa na desturi hii, ameitumikia kwenye vilio vya watu tangu utoto, lakini siku ile alikuwa ndani ya jiko lake, hesabu zake zote ziko kwenye sima na kabati. Mtu haoni uso wake mwenyewe.

Mira alikuwa anatoka bombani na ndoo ya maji kichwani. Akaona. Ndoo ilianguka, maji yakamwagika mpaka kwenye kibaraza, na yeye akaenda chini pamoja nayo, akipiga yowe lililosikika mpaka kwenye kibanda cha walinzi.

Sasa kumbukeni kwamba bwana yake Mira alikuwa anafanya kazi kwenye chumba cha redio. Habari zote za mashariki hupita mikononi mwake kabla ya kumfikia yeyote. Kwa miezi mingi Kabedi alikuwa akiutazama uso wa Mira kila asubuhi bila kumwambia kwa nini anautazama. Na sasa uso ule ulikuwa mavumbini, unalia, unamjia huku unatambaa.

Kabedi hakuuliza. Nani angeuliza? Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu simu iliponyamaza, kile alichokuwa akikiita betri, kilivunjika chote kwa mara moja. Alisikia sauti inaita jina la Lumbala, akashangaa ni nani anayepiga kelele namna ile, kisha akatambua ni yeye. Mira aliposikia jina, naye akazidi, maana sasa alijua ni nani aliyekufa. Wakakumbatiana wakalia, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyeleta habari.

Kambi nzima ilikuja. Wanawake walitoka na unga mikononi, wengine na mtoto anayenyonya, wakivua vitambaa njiani. Kila aliyefika alizidisha sauti, na kila sauti mpya ilikuwa ushahidi kwa Kabedi. Wangelia hivi wote kwa uongo? Aliona miguu inajaa kwenye lupango. Alimwona mtu anaifunika picha ya harusi kwa kikwembe. Alisikia wanaulizana nani atampigia simu mama yake Lumbala kule Kasai, na mwingine, kwa sauti ya chini lakini siyo ya chini ya kutosha, anauliza kama Leta watampa muda gani kwenye nyumba. Hapo ndipo alipozitazama kabati za Tshiala, nyekundu juani, na akili ikamjia wazi kabisa: nilizinunua mwenyewe. Nilichukua kabati za mjane nikazileta kwangu. Alitamani kuzichoma moto pale pale na mikono yake.

Yaya Germaine, yaani dada mkubwa, alikuja nyuma ya wengine. Alikuwa mke wa ajida, mkubwa wa masajini, mtu mzima kuliko wao, mnene, mwenye kuheshimiwa. Bwana yake ajida na Lumbala walikuwa kompani moja. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu, akaketi mkekani kando ya Kabedi kwa shida ya magoti, akauchukua mkono wake na kuuweka juu ya paja lake. Hakulia. Mkono wake ulikuwa baridi na wenye nguvu.

Wakiwa hivyo, Talitha akarudi kutoka shuleni. Alisimama kwenye mwanya wa ua na mfuko wake begani, akatazama kitanda chao nje, watu, mama yake. Wanawake walitaka kumfuata wamkumbatie, yeye akawapita. Alikuwa na kichwa kigumu, sijui alikitoa wapi. Akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama," akasema, "nani njo alikuambia?"

Kabedi akamwonyesha Mira kwa kidevu. Mira akaacha kulia katikati ya pumzi.

"Minyi?" akasema. "Weye njo ulilia. Minyi nilikuta bintu iko inje."

Kila mmoja akamgeukia jirani yake. Yule akasema amesikia kwa huyu, huyu kwa yule, na wote njia yao ikarudi kwa Mira, na ya Mira ikarudi kwa Kabedi. Na hapo mlangoni akatokea Yusufu, mwiko wa sima mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Masikini alikuwa amejibanza ndani muda wote, akiona haya kupita katikati ya msiba na matope yake. Akaomba radhi, akauliza kwa adabu ni nani aliyekufa, maana mama alitoa vyombo kwa ajili ya sima, na sima inataka nusu mfuko zaidi.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mmoja akaguna, mwingine akashika mbavu, na kicheko kikapita kwenye lupango lote, kile kicheko cha watu waliochungulia shimo wakavutwa shati. Walicheka mpaka wakaketi. Wakamgeukia Mira, wakamwambia ajiandae, watamtafutia kazi ya kulia vilio vya watu wakubwa mjini, atatajirika. Mira naye anacheka na kulia pamoja, anajipiga mapaja, anaomba msamaha kwa kila mtu hata kwa Yusufu. Kabedi alicheka pia. Alijisikia mwepesi mpaka kizunguzungu. Lumbala ni mzima! Ni betri tu, alikwisha sema ni betri, na watu hawa hawasikii.

Lakini wakubwa miongoni mwao hawakucheka sana. Wakasema vyombo virudi ndani sasa hivi, kabla jua halijasogea, maana kuacha vyombo nje baada ya kilio ni kukiita kifo kwa jina, kije kichukue nafasi kiliyoandaliwa. Yusufu akalalamika kwamba sima ya chumba cha nyuma bado ni uji. Wakamwambia basi vitakaa chumba cha mbele, akiweka ubao watakanyaga ubao. Wakavaa vitambaa vyao. Wakaanza na viti. Wanne wakaishika kabati ndefu, wakahesabu, wakainua.

Kabedi akataka kuinuka awasaidie. Hakuweza. Mkono wa Yaya Germaine ulikuwa bado umeushika wake, na haukuachia.

Akamtazama. Hapo ndipo alipoona kwamba katika lupango zima, lenye watu wanaofuta machozi ya kicheko, Germaine peke yake hakuwa amecheka. Wala kitambaa chake hakukirudisha kichwani. Kabedi alivuta tena, kidogo, kama anavyovuta mtoto.

"Ikala, Mama Talitha," Germaine akamwambia. "Minyi sikuona bintu. Minyi nilikuwa nakuya kwako toka asubuhi. Bwana yangu aliniita mu telefone. Nilikuta banalia, nikawaza ulisha kuyua."

Alisema taratibu, bila kupandisha sauti, lakini wale wanne walikuwa karibu, wakasikia. Germaine akainua uso, akawaambia:

"Bamama, ile bintu muiache tu inje."

Waliitua kabati chini polepole, pale pale ilipokuwa, mlango mmoja ukafunguka wenyewe. Mira akafungua fundo la kitambaa chake, akakivua mara ya pili. Talitha hakusogea. Kabedi alikuwa anatazama mlango wa nyumba yake, ambapo Yusufu amesimama na mwiko. Akamwambia aweke ubao pale mlangoni, azuie watu wasiingie kwanza, kwa sababu sima bado haijakauka, wataharibu jiko.